Baba wa Ubatizo wa Simu ya Zahanati

Sikuwa nimemaliza hata mwezi nyumbani tangu nistaafu, Christelle, ambaye sasa anakalia kiti changu katika chumba cha mtandao, akaniandikia kwamba simu za watu zimemshinda. Kila mfanyakazi anakuja kazini na simu yake, wengine simu mbili na kompyuta ndogo juu yake, wote wanataka kuingia kwenye mtandao wa kampuni, na mkubwa anataka vyote vifungiwe nje. "Mama Régine, weye ulikuwaka unafanya namna gani?"

Nilianza kumjibu kwa mistari mitatu, nikaifuta. Mimi ni mtu wa kufuta. Waliofanya kazi nami wanajua kwamba ujumbe mfupi nausoma mara nyingi kabla ya kuutuma, na nikishautuma nausoma tena nikitafuta kosa. Basi nimeona heri niandike yote, kwa Christelle na wenzake, nikianzia mbali, kwa sababu tatizo lake lilikuwapo kabla yeye hajazaliwa. Vyeo sitavitaja. Mishahara pia sitaitaja, na katika miaka ninayoieleza hakukuwa na mengi ya kutaja.

Nilikuwa msichana niliyetoka shule za misheni za Mulungwishi na diploma ya ualimu, na kazi ya ualimu haikuwapo. Niliingia katika kiwanda cha mji wetu kushika nafasi ya mwanamke aliyekuwa akipokea simu za nje na kuziunganisha. Siku ya kwanza nilifika mapema mno, nikazunguka jengo nikisubiri lifunguliwe, huku nikirudia "Allô, bonjour" kwa sauti ndogo kama mtu anayekwenda kuungama. Aliyefungua mlango alikuwa Papa Mwamba, fundi wa santrali, yaani mtambo wa kuunganisha simu za kiwanda, mtu mpana mwenye koti la buluu lililofuliwa hadi likawa jeupe. Alinitazama, akasema, "Weye njo mwalimu? Bien. Wanafunzi wako ni hawa."

Wanafunzi walikuwa makabati ya chuma yaliyojaa chumba kizima. Ndani yake kulikuwa na vidude vya kupanda na kuzunguka ambavyo sisi tuliviita selekta. Mtu akizungusha namba katika karakana yake, selekta moja inapanda, inazunguka, inaitafuta laini ya yule anayeitwa mpaka inaipata. Chumba kizima kilikuwa kikilia kama mvua ya mawe juu ya bati. Kelele ile iliniogopesha kwa siku kadhaa, na baadaye ikawa ukimya ndio unaniogopesha.

Ufundi sikufundishwa darasani. Papa Mwamba hakuwa na subira ya kueleza. Alikuwa anafanya, nawe uangalie. Nilichukua vitabu vya Kifaransa vya santrali, vyenye michoro iliyoliwa na mende, nikavisoma na kamusi mapajani wakati hakuna anayepiga. Nilifungua simu iliyokufa, nikaifunga, nikaifungua tena. Nilijifunza kusafisha nukta za mguso za rele, zile swichi ndogo za umeme, kwa kipande cha karatasi ngumu, taratibu, bila kukwangua. Nilikuwa na hofu ya kukosea iliyonifanya nirudi kukagua kazi ambayo nilikwisha kuikagua. Papa Mwamba alikuwa akisema, "Régine, ile rele haitakimbia. Iache ipumue."

Halafu yakaja yale ambayo nyinyi mmesimuliwa na wazazi wenu. Watu walipora maduka, maofisi, na mwisho viwanda. Kwetu walichukua viti, mashine za kuandika, vitasa vya milango, na simu karibu zote. Santrali haikuguswa. Nadhani hakuna aliyejua jinsi ya kubeba kabati la chuma la ukubwa ule, au pengine kelele yake iliwatisha hata wao. Tukabaki na mtandao mzima, waya zikifika kila karakana, na mwishoni mwa kila waya hakuna kitu.

Kampuni iliagiza simu mpya. Hazikuja. Kazi ya kiwanda haiwezi kungoja, basi watu wakaanza kuleta za kwao. Zilitoka sokoni, zilitoka kwa shemeji aliyeko Lubumbashi, zilitoka katika nyumba za wenzetu waliofukuzwa mkoani kwa ajili ya asili yao, wakalazimika kupanda treni na kuondoka, wakamwachia jirani kila kisichobebeka. Kulikuwa na simu nyekundu, simu ya mbao, simu zenye lugha tusizoweza kuzisoma. Justin, fundi wa karakana ya asidi, kijana mwenye mdomo mrefu kuliko wote kiwandani, alileta simu yenye umbo la ndizi. Ile ndizi ilituma namba haraka kuliko selekta zetu zilivyoweza kufuata. Justin alipiga kantini kuuliza kama kuna bukari, ugali wetu, akapokelewa na mkurugenzi.

"Ulimwambia nini?" nilimuuliza.

"Nilimuuliza na yeye kama iko na bukari. Akasema hana."

Mimi sikucheka. Nilikuwa silali vizuri. Mtandao wetu ulikuwa umepangwa kwa simu za aina moja, na sasa kila mwisho wa waya kulikuwa na mgeni nisiyemjua. Wengine hawakuunganisha simu tu. Umeme wa mji ulikuwa unakatika kila mara, lakini laini za simu zilikuwa na umeme wao, kutoka kwa betri kubwa za santrali zilizopangwa katika chumba cha nyuma. Watu waligundua jambo hilo upesi. Mlinzi wa geti akafunga redio kwenye waya wa simu. Kwa wiki kadhaa nilisikia rumba ndani ya mazungumzo ya idara ya ununuzi.

Betri zikaanza kuchoka. Umeme wa mji ulikuwa ukikatika asubuhi, na kabla ya mchana zilikuwa zimelegea, selekta zinapanda nusu njia na kuanguka. Mkuu wa idara yetu, Injinia, mtu mwembamba ambaye hakuwa mbaya bali alikuwa amechoka, akaja santrali siku ya Jumatatu, akasimama mbele ya ampemita, kipimo cha umeme unaotoka kwenye betri. Mshale ulikuwa umelala mbali kuliko unavyopaswa.

"Batu wanakunywa betri," alisema. "Ijumaa nakuja tena hapa. Vyombo vyote vya watu binafsi viwe vimetoka kwa réseau, kwa mtandao. Vyote. Kama mshale haujarudi, nafunga santrali, tutatumia makarani kupeleka karatasi kwa miguu."

Nitaungama hapa jambo ambalo Christelle hatalipenda: nilifurahi. Niliona mbele yangu mtandao mtupu, safi, bila ndizi na bila rumba, na moyo wangu ukatulia kama ulivyokuwa haujatulia kwa muda mrefu. Ilinichukua hadi alipofunga mlango ndipo nikakumbuka zahanati.

Zahanati ya kiwanda ilikuwa upande wa pili wa uwanja, mbali na karakana ya asidi. Simu yake iliporwa pamoja na vitanda. Iliyokuwapo sasa ilikuwa ya muuguzi mwenyewe, Mama Odette, simu nyeusi nzito aliyoitoa sebuleni kwake. Karakana ya asidi ikipata ajali, hiyo ndiyo laini wanayoipiga. Asidi ikikurukia machoni, kila dakika ina bei yake. Aliyepiga simu anamkuta Mama Odette na maji tayari na machela imekwisha kuondoka. Kukata vyombo vyote vya watu maana yake kuifanya zahanati iwe bubu. Kutovikata maana yake Ijumaa iwe bubu pamoja na wengine wote.

Nilimwambia Papa Mwamba. Alijikuna shingo. "Basi tutafute nani anakunywa. Anayekunywa tutamtoa. Asiyekunywa, tutamtetea."

Kazi yenyewe haikuwa ya akili nyingi. Tulikata karata za kuchezea kuwa vipande vyembamba. Kila laini ilikuwa na mahali ambapo ukisukuma kipande cha karata kati ya nukta mbili za mguso, inatengana na santrali. Mmoja anasukuma karata, mwingine anaangalia mshale. Mshale usipotingishika, toa karata, nenda laini inayofuata. Ukirudi nyuma, umempata mlevi. Tulimpata mlinzi wa geti, tukampata mtu wa ghala aliyekuwa anachaji kitu ambacho hakutaka kutuonyesha. Tukaendelea safu kwa safu, mimi nikisukuma, Papa Mwamba akisema "tulia... tulia..." kwa kila laini.

Kisha akasema, "Huyu anakunywa. Ni nani?"

Nilisoma kibandiko mara mbili, nikijua tayari. Ilikuwa laini ya zahanati.

Siku chache kabla, Justin alikuwa amepita kwetu akilalamika. "Mama Odette iko na mchumba ku téléphone? Kila saa unamuita ni occupé, laini iko na mutu. Mutu anaweza kuungua mpaka aive." Tulidhani ni uchokozi wake wa kawaida. Sasa maneno yake yalinirudia, karata ikiwa bado mkononi. Laini iliyokuwa inakunywa umeme muda wote ilikuwa pia laini isiyoweza kuitwa.

Nilivuka uwanja nikiwa na bisibisi mfukoni. Chumba cha kufungia vidonda hakikuwa na dirisha, na umeme wa mji ulikuwa umekwenda. Mama Odette alikuwa ameinama juu ya mkono wa mtu, anashona. Juu ya kichwa chake ilining'inia balbu ndogo iliyotolewa kwenye dashibodi ya lori, nyuzi zake mbili zikishuka ukutani mpaka ndani ya kisanduku cha simu. Mwanga wake ulikuwa kama wa mshumaa, lakini haukutikisika.

"Régine, karibu, mutoto yangu. Unaona taa yangu? Umeme wa cité unaendaka, huu hauendake. Mungu iko."

"Mama, ni nani aliyekufungia?"

"Ni minye mwenyewe. Ju nini?"

Nilitafuta maneno mazuri, na kama kawaida yangu nilipotafuta mazuri nikapata mabaya. "Mama, simu ikiwa inafanya kazi ya taa, santrali inaona kama umeinua mkono wa simu unaongea. Taa ikiwaka, hakuna anayeweza kukuita."

Sindano ilisimama. Yule mtu aliyekuwa anashonwa alinitazama, kisha akamtazama yeye.

"Unasema banaita," alisema polepole, "na minye niko hapa, sisikie?"

"Ndiyo, mama."

"Batu ya asidi?"

"Na wao."

Alikuwa mwanamke ambaye nilikuwa nimemwona akimkemea mkurugenzi kwa kuvuta sigara mlangoni. Sasa alinionyesha zile nyuzi ukutani kwa kidevu. "Basi kata. Kata sasa."

Niliutazama mkono wa yule mtu, kidonda kikiwa nusu wazi. "Malizia kwanza, mama."

"Nimalizie namna gani, na batu wanaweza kuita sasa hivi?"

Nilitoka mbio mpaka mlango wa nje, nikamwambia mfagizi aende asidi awaambie wasipige, wakiwa na shida waje kwa miguu. Nilirudi nikaishika ile balbu karibu na sindano kwa vidole vyangu, ikiniunguza taratibu, hadi alipofunga fundo la mwisho. Kisha nikaikata. Giza lilipoingia, simu yake ilitoa mlio mmoja mfupi, kama mtu anayekohoa baada ya kushikwa koo.

"Sasa weye niambie," ilisema sauti yake gizani. "Kidonda kinachofuata nitashona kwa macho gani?"

Jibu alilitoa Justin, ambaye alikuja santrali mchana ule kuuliza kwa nini mfagizi anawapa amri. Nilipomweleza, aliacha mzaha. Halafu akasema, "Anahitaji betri, njo ile tu? Shiye tunapikaka asidi kutwa nzima, na munakosa betri?"

Yeye na wenzake walitoa betri katika lori lililokufa nyuma ya ghala. Waliimwaga, wakaiosha, wakaipimia asidi mpya waliyoipunguza makali kwa maji safi, wakibishana kama wanawake wanaoonja mchuzi. Papa Mwamba akaichaji kwenye mashine yetu wakati umeme wa mji uliporudi. Siku ya pili yake, balbu ileile iliwaka zahanati, ikining'inia palepale, na simu haikuhusika nayo.

Jioni hiyohiyo, kwenye kantini, Papa Mwamba alimgeukia Justin. "Haya. Simu ya Odette sasa imepata parrain."

"Nani?"

"Ni weye."

"Minye? Minye siko na kintu na simu ya muke ya wenyewe!"

"Ni weye unamuitaka ukiungua. Kwetu parokiani mutoto habatizwi bila baba wa ubatizo, na baba wa ubatizo hawezi kuwa baba aliyemzaa. Mwenye simu anaipenda simu yake, hataona makosa yake. Weye unayemuita, weye njo utajua kama imekuwa bubu."

Watu walicheka, na mimi, Mprotestanti wa Mulungwishi, nikaacha kutafuna. Nilikuwa nimehangaika muda wote nikiuliza kila chombo ni cha nani. Swali lilikuwa jingine: nani mwingine anakihitaji, mbali na mwenyewe.

Siku mbili zilizobaki tulizunguka kiwanda kizima na swali hilo. Kila mwenye simu alitakiwa aje na mtu wa karakana nyingine anayelazimika kumwita kwa kazi. Huyo ndiye parrain, au marraine akiwa mwanamke. Atampigia kila mwanzo wa wiki kumsalimu. Akimkosa au akisikia mlio mbaya, atatuambia. Asiye na parrain, chombo kinarudi nyumbani, bila ugomvi. Sikuamini kwamba watu wangekubali. Lakini ni vigumu kumpigia kelele fundi wakati swali ni kama kuna mtu anayekuhitaji. Mlinzi wa geti mwenyewe aliiondoa redio yake kwenye waya. "Nani anaweza kuita redio?" alisema. "Hakuna. Redio njo inaita batu." Mtu wa ghala hakusema kitu, kile chombo chake kikatoweka. Ndizi ya Justin ilikosa parrain karakana kwa karakana, hadi watu wa kantini walipoikubali, kwa sharti nipunguze mwendo wa namba zake. Niliifungua, nikapata kiskrubu kidogo cha kurekebisha, na siku hiyo nilijiona daktari.

Ijumaa Injinia alikuja. Mshale ulikuwa umesimama karibu na mahali pake pa zamani. Aligonga kioo cha kipimo kwa ukucha.

"Ulivitoa vyote?"

Nilikuwa nimefanya mazoezi ya jibu hilo tangu asubuhi. Lote likaniacha. "Hapana, monsieur."

Nikamweleza parrain, zahanati, balbu, yote, kwa mpangilio mbaya kabisa. Alisikiliza akiwa na mikono mgongoni. Nilipomaliza hakukasirika. Aliuliza, "Na simu ya ofisini mwangu? Ile nyeupe. Ni ya kwangu, nilileta kutoka nyumbani."

Papa Mwamba alijibu kwa niaba yangu. "Monsieur l'ingénieur, tulizunguka. Bado hatujapata muntu."

Kabla hajajibu, selekta moja ilipanda. Saa hiyo nyingine zilikuwa kimya, tukaisikia sote watatu. Papa Mwamba aligeuza kichwa. "Inatoka asidi," alisema. Ilipanda, ikazunguka, ikasita mahali ambapo kwa wiki kadhaa ilikuwa ikikuta mlango umefungwa. Nilishika ukingo wa meza. Kisha ikaingia, na umeme wa kengele ukaanza kunguruma ndani ya kabati, mara moja, mara mbili, na ukakatika. Mtu alikuwa ameinua simu.

Dakika chache baadaye tuliona kupitia dirisha watu wawili wakikimbia uwanjani na machela, na mbele yao Mama Odette, amekunja mikono ya koti, anawapita. Bomba lilikuwa limepasuka na asidi kumrukia kijana mmoja usoni. Justin alipiga simu, Mama Odette akamwambia aanze maji palepale huku yeye anakuja. Yule kijana alibaki na kovu kwenye shavu, na macho yote mawili. Nilimwona mwaka jana sokoni Kikula, ana wajukuu, anabishana juu ya bei ya samaki wa ziwa la Tshangalele.

Injinia alisimama dirishani mpaka machela iliporudi. Akielekea mlangoni alisema, "Santrali ibaki. Na simu yangu mukate, mpaka nipate parrain." Tulikata. Aliishi bila simu wiki nzima, hadi Mama Odette alipotuletea jina lake mwenyewe kama marraine. "Bendeji zangu zinapita kwake," alisema. "Minye njo namuhitaji."

Desturi hiyo ilidumu kuliko santrali. Parrain wengi walipanda treni, wengine wakachukua nafasi zao. Makabati yakauzwa kama chuma chakavu, siku ambayo sitaieleza. Kilipokuja kiwanda kingine, na kompyuta, na hatimaye simu zenu hizi za kutelezesha kidole, niliuliza swali lilelile kwa kila aliyekuja mlangoni kwangu: ndani ya mtandao huu, nani anakuhitaji kwa kazi? Aje aseme yeye. Christelle, ulinicheka ulipoanza, na ulikuwa na haki ya kucheka. Mwambie mkubwa asivifungie nje vyote, wala asivifungulie vyote. Akupe mpaka Ijumaa.

Siku yangu ya mwisho kazini niliiondoa simu yangu kwenye mtandao kwa mkono wangu mwenyewe. Mtu aliyestaafu hana anayemhitaji kwa kazi, na mimi sivunji kanuni zangu. Nilikagua mara tatu kama imetoka kweli.

Jana nilipita ofisini kuacha ufunguo niliousahau mkobani. Nilipokaa kwenye benchi la mapokezi, simu yangu ikatetemeka: ilikuwa imeingia kwenye mtandao yenyewe. Nilidhani nimekosea. Nikainuka kwenda kuripoti hitilafu. Christelle alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono kifuani.

"Kaa, mama. Si hitilafu," alisema. "Minye njo marraine."